Luteni Williams dhidi ya MiG saba, Novemba 1952: ni ustadi, ni ndege, au ni makosa ya waliomshambulia?

#1 MtafitiWaAnga

Wakuu, salaam.

Naomba tujadili pambano moja la angani ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili. Tarehe 18 Novemba 1952, katikati ya Vita vya Korea, Luteni Royce Williams wa Jeshi la Majini la Marekani, kijana wa miaka 27, aliruka kutoka manowari ya kubeba ndege USS Oriskany katika Bahari ya Japani akiendesha jeti aina ya F9F-5 Panther. Siku hiyo ndege za manowari zilikuwa zimeshambulia Hoeryong, mji wa Korea Kaskazini ulio kando ya mto Tumen, karibu kabisa na mipaka ya China na Umoja wa Kisovieti. Panther nne zilizokuwa doria kuilinda manowari ziliona michirizi ya MiG-15 saba, jeti za kivita za Kisovieti, zikitokea upande wa Vladivostok. Kiongozi wa doria akapata hitilafu ya pampu ya mafuta, akarudi pamoja na mwenzake, wakabaki wawili tu: Williams na Luteni David Rowlands.

MiG zikagawanyika na kushuka kutoka juu, nne kati yake zikimjia Williams zikifyatua risasi. Yeye akakata kona kali, akatokea nyuma ya ndege ya mwisho katika kundi hilo, akaipiga. Rowlands akaifuata ile iliyokuwa ikishuka na moshi, na kuanzia hapo Williams akawa peke yake dhidi ya sita. Pambano zima linasemwa lilidumu dakika 35. Alirudi akiwa na matundu 263 katika ndege yake, na leo hii anahesabiwa kuwa aliangusha MiG nne katika ruka moja.

Hoja yangu ni kwamba hakuna rubani wa jeshi la majini, katika vita vyovyote, aliyeonyesha ustadi mkubwa kuliko huu akiwa amezidiwa kwa idadi na kwa ubora wa ndege kwa wakati mmoja. Swali langu kwenu ni hili: aliwezaje?

#2 Pweza wa Kina

Salaam mkuu. Uzi mzuri, lakini naanza na shaka, kwa sababu shaka ndiyo inayoupa ushujaa thamani yake.

Idadi za ndege zilizoangushwa angani huwa zinapanda. Edward O'Hare, rubani wa manowari USS Lexington, tarehe 20 Februari 1942 alikabili peke yake kundi la ndege za mabomu za Kijapani aina ya Betty mbali na Rabaul, akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya Marekani kwa kuangusha ndege tano. Wanahistoria walipokuja kulinganisha kumbukumbu za pande zote mbili, idadi ilishuka hadi tatu, nyingine zikiwa zimeharibiwa tu. Hakusema uongo. Mtu anayepita kwa kasi, akaona moshi na cheche kwenye injini ya adui, hana nafasi ya kusubiri ashuhudie mwisho wake.

Kama ilikuwa hivyo kwa O'Hare, ambaye wenzake wengi walikuwa wakimtazama kutoka kwenye sitaha, tutasema nini juu ya Williams aliyekuwa juu ya mawingu bila shahidi? Na dakika 35 ni muda mrefu mno kwa jeti za enzi ile zikiwa zimefungulia injini kwa nguvu zote.

#3 Mwalimu Asha

Ndugu Pweza, shaka yako ni halali, ila mfano wako unakwenda kinyume na kesi hii. Kwa O'Hare idadi ilianza juu ikashuka. Kwa Williams ilianza chini ikapanda. Mwaka 1953 alipewa nishani ya Silver Star, na rekodi rasmi ilimhesabia ndege moja aliyoiangusha na nyingine aliyoiharibu. Idadi ya ndege nne haikutoka kinywani mwake wakati ule. Ilikuja baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika, pale taarifa za upande wa Urusi ziliponukuliwa zikisema kwamba marubani wanne hawakurudi kituoni siku ile. Nishani ya Navy Cross, ambayo ni kubwa kuliko Silver Star, alikabidhiwa Januari 2023 huko San Diego, miaka 70 baada ya tukio.

Ni lazima pia tukumbuke kwa nini alinyamaza. Umoja wa Kisovieti haukuwa rasmi katika vita hivyo, na kutangaza kwamba Wamarekani wameua marubani wa Kisovieti juu ya bahari wazi kungeweza kupanua vita. Zaidi ya hapo, Wamarekani walikuwa wamenasa mazungumzo ya redio ya Wasovieti, na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilikuwa limeundwa tarehe 4 Novemba, wiki mbili tu kabla. Hawakutaka adui ajue kwamba anasikilizwa. Williams aliitwa na amiri aliyeongoza vikosi vya majini vya Mashariki ya Mbali, akaelezwa kwamba wanajua ameangusha angalau tatu, kisha akaamriwa asimwambie mtu. Akatii kwa takriban nusu karne, hata mkewe hakumwambia.

#4 Fundi Mitambo

Salaam wote. Mimi nimefanya kazi ya matengenezo ya ndege kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaongelea vyuma.

Mleta uzi amesema Panther ilizidiwa kwa ubora. Ni kweli kwa mwendo na kwa kupanda. MiG-15 ilikuwa na mabawa yaliyolazwa nyuma kwa nyuzi 35 na ilikaribia kilomita 1,075 kwa saa karibu na usawa wa bahari. Panther ilikuwa na mabawa yaliyonyooka na ilifika kilomita 930 hivi. Lakini tusisahau kwamba injini zao ni ndugu wa damu. Waingereza waliwauzia Wasovieti injini ya Rolls-Royce Nene mwaka 1946, na ndani ya MiG ikazaa VK-1. Injini ya J48 ya Panther ilitokana na Rolls-Royce Tay, ambayo nayo ni mtoto wa Nene hiyo hiyo. Tofauti yao haikuwa nguvu ya injini, ilikuwa umbo na uzito.

Sasa njooni kwenye silaha, ambako ndiko naona jibu lilipo. Panther ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20, risasi 190 kwa kila mzinga, jumla 760. Kwa kasi ya kufyatua ya risasi kama 700 kwa dakika kwa kila mzinga, rubani alikuwa na sekunde 16 za moto kwa safari nzima. MiG ilikuwa na mzinga mmoja wa milimita 37 wenye risasi 40, na miwili ya milimita 23 yenye risasi 80 kila mmoja. Risasi moja ya 37 ingeweza kukata bawa, lakini mzinga wenyewe ulifyatua 400 tu kwa dakika, maana yake moto ulikwisha baada ya sekunde sita. Ulitengenezwa kuangusha ndege kubwa za mabomu zinazoruka moja kwa moja kwa mwendo wa kutabirika. Kuupeleka dhidi ya ndege ndogo inayojipinda ni kuutumia kwa kazi ambayo haukuundiwa, na isitoshe risasi za 37 na za 23 hazikufuata njia moja hewani, kwa hiyo ukilenga vizuri kwa moja, nyingine inapita kando.

Kwa hiyo MiG saba zilikuwa na bunduki kubwa zisizofaa kwa kazi ile, na Panther moja ilikuwa na zinazofaa.

#5 MtafitiWaAnga

Nashukuru kwa hesabu hiyo, Fundi. Lakini naona inaikuza hoja yangu badala ya kuipunguza. Sekunde 16 za moto kwa maadui saba ni sekunde mbili na kidogo kwa kila mmoja, bila kukosea. Rubani wa kawaida angezimaliza zote kwa adui wa kwanza kwa sababu ya hofu. Huyu alizigawa kwa mafungu mafupi kwa dakika zote zile, na alipoishiwa alikuwa amekwisha kuwapunguza. Nidhamu ya kidole katika hali ile haitoki kiwandani pamoja na ndege.

#6 Rubani Mwanafunzi

Habari za jioni, wakubwa zangu.

Mimi bado niko mafunzoni, tena kwenye ndege ndogo ya panga boi, kwa hiyo sithubutu kujilinganisha. Ila naomba nieleze jambo ambalo asiyewahi kukata kona kali angani anaweza kulipita. Mwalimu wangu alinipeleka kwenye kona ya nyuzi 60, ambayo mwili unahisi uzito mara mbili, akaniambia nigeuze shingo nitazame mkia wa ndege. Nilishindwa kuifikisha shingo huko, na nilipojitahidi nikapoteza mwinuko bila kujua. Pambano la jeti huenda zaidi ya mara tano ya uzito wa mwili, na humo ndimo Williams alipaswa kugeuza shingo, kuhesabu maadui, kukadiria nani ataingia lini, na bado kulenga.

Nimesoma kwamba marubani wa jeti wa Jeshi la Majini la Marekani walikuwa na mavazi yanayobana miguu na tumbo ili damu isikimbie kichwani, wakati marubani wa MiG kwa jumla hawakuwa nayo bado. Je, hiyo haiwezi kuwa sehemu ya jibu? Anayepoteza kuona kwenye kona ya pili hawezi kukufuata kwenye ya tatu.

#7 Mzee wa Kilindini

Wajukuu zangu, heshima kwenu.

Mnaongelea Korea, nami nawakumbusha kwamba vita vya ndege za manowari viligusa hata pwani yetu. Mwezi Aprili 1942 ndege za Kijapani zilipoizamisha manowari ya kubeba ndege HMS Hermes karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza waliondoa meli zao kubwa wakazileta Kilindini, na uwanja wa Port Reitz, huu ambao leo ndio uwanja wa ndege wa Mombasa, ukatumiwa na marubani wa Jeshi la Majini la Uingereza. Ndege zao za Fulmar zilikuwa zimepelekwa kupigana na ndege za kivita za Kijapani aina ya Zero kule Ceylon, na mwendo wake ulikuwa mdogo sana mbele ya Zero. Vijana wengi hawakurudi. Ushujaa haukuwapungukia.

Nasema haya kwa sababu ustadi una dari yake. Kuna tofauti ya ndege ambayo hakuna mikono inayoweza kuifidia. Kama Panther ingekuwa mbali na MiG kama Fulmar ilivyokuwa mbali na Zero, tusingekuwa na uzi huu.

#8 Pweza wa Kina

Mzee wangu, shikamoo. Umenisaidia bila kukusudia. Kama tofauti kati ya ndege ilikuwa ndogo kuliko inavyosimuliwa, basi tutafute tofauti kati ya watu. Marubani wa Kisovieti waliopigana Korea walikuwa mashujaa wa vita dhidi ya Ujerumani, wakiongozwa na watu kama Ivan Kozhedub aliyeangusha ndege zaidi ya 60. Kama hao ndio aliokutana nao Williams, hesabu ya nne kwa sifuri inanishinda kuikubali.

#9 Msomaji wa Ramani

Ndugu Pweza, hapo ramani inakukataa. Divisheni ya Kozhedub ilikuwa Antung nchini China, upande wa magharibi wa Korea, mpakani mwa mto Yalu, nayo iliondoka mwanzoni mwa 1952, miezi mingi kabla ya pambano hili. Zaidi ya hapo, marubani wa Antung walikatazwa kuruka juu ya bahari ili wasije wakatekwa na kuonekana. Tena Kozhedub mwenyewe hakuruhusiwa kupigana huko, alikuwa kamanda wa ardhini.

MiG za tarehe 18 Novemba zilitokea upande wa Vladivostok, pembe nyingine kabisa ya ramani, ambako kazi yao ilikuwa kulinda pwani ya Umoja wa Kisovieti. Wale wa Antung walipigana karibu kila siku na jeti za Sabre za Wamarekani. Wale wa Vladivostok walikuwa wakifanya mazoezi. Mtu aliyefanya mazoezi miaka mitatu na yule aliyepigana miezi mitatu hawafanani pale risasi za kweli zinapoanza. Kwangu mimi hili ndilo jibu: Williams alikutana na watu wenye ndege nzuri waliokuwa hawajawahi kupigana na jeti.

#10 Mwalimu Asha

Naona hoja ya Msomaji wa Ramani ni nzito kuliko zote zilizotangulia, lakini haikamiliki. Williams naye hakuwa na uzoefu wa kupigana na MiG. Alijiunga na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akahitimu urubani vita vikielekea ukingoni, na kikosi chake cha VF-781 kilikuwa cha askari wa akiba walioitwa kazini vita vya Korea vilipoanza. Kazi ya kila siku ya Panther ilikuwa kupiga mabomu reli na madaraja, wala si kupambana angani. Kama uzoefu ndio jibu, pande zote mbili zilikuwa na uhaba.

Tofauti ninayoiona iko kwenye shule. Tangu kabla ya 1941, Jeshi la Majini la Marekani liliwafundisha marubani wake kupiga shabaha kutoka pembeni, yaani kufyatua mbele ya ndege inayokukatiza na kuiacha iingie yenyewe kwenye risasi, badala ya kusubiri ukae nyuma yake. Majeshi mengi ya anga ya wakati huo hayakulitilia mkazo somo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu ni gumu na linakula risasi nyingi za mazoezi. Ndiyo shule iliyomwezesha O'Hare, mwaka 1942, kuwashambulia Wajapani kwa kushuka kutoka ubavuni, mbali na mzinga wa mkiani, akiwa na sekunde 34 tu za moto na mwenzake bunduki zimekwama. Miaka kumi baadaye shule ni ile ile, ndege ndiyo iliyobadilika. Rubani aliyefundishwa hivyo anaweza kumpiga adui mwenye mwendo mkubwa kuliko wake, maana hahitaji kumkimbiza.

#11 Msafiri wa Illinois

Salaam kutoka Marekani. Kwa wale wanaopitia uwanja wa O'Hare wa Chicago, na najua tuko wengi tunaobadilishia ndege pale tukitoka au tukienda nyumbani, ndani ya jengo la pili la abiria kuna ndege ya kivita ya Wildcat nzima iliyorekebishwa na kupakwa rangi kama ile ya O'Hare huyo anayetajwa hapa. Yake halisi siyo, hii ilitolewa chini ya Ziwa Michigan, lakini simama karibu nayo uone jinsi pua yake inavyoinama mbele ya kioo cha rubani. Nilipoiona ndipo nilipoelewa alichokisema Mwalimu Asha: kwa pua ya namna hiyo rubani aliweza kumtangulizia adui shabaha na bado akamwona.

Panther nayo ilitoka kwa watengenezaji hao hao, Grumman.

#12 Fundi Mitambo

Msafiri, umegusa jambo ambalo lilinikaa moyoni. Grumman walikuwa na sifa ya kutengeneza ndege ngumu kuvunjika, kwa kuwa ndege ya manowari huangushwa kwenye sitaha kila inapotua, na kiunzi chake lazima kihimili kishindo hicho. Matundu 263 kwenye jeti ambayo bado inaruka si jambo dogo. Risasi ya milimita 37 iliingia ikakata mfumo wa haidroliki, usukani wa mkia ukafa, mabawa yakabaki na uwezo kidogo wa kuviringisha ndege. Kilichobaki kizima ni kipandishio cha nyuma, yaani uwezo wa kuinua na kushusha pua. Injini iliendelea kuvuta.

Kama ile risasi ingepita mita moja nyuma zaidi na kuigusa injini, mjadala huu usingekuwepo. Mafundi wa Grumman kule Long Island wana sehemu yao katika ushindi huu, na husahauliwa kila mara.

#13 MtafitiWaAnga

Fundi, ni hapo hapo ninapotaka tukae kwa muda, kwa maana naona tumejadili jinsi alivyoua na hatujajadili jinsi alivyobaki hai.

Tafakari hali yenyewe. Risasi zimekwisha au zinakwisha. Hawezi kukata kona tena, kwa kuwa usukani umekufa na mabawa hayamtii. MiG iko nyuma yake, karibu, na inafyatua. Kila kitabu cha mafunzo kinasema huyu ni maiti. Alichofanya ni kuinua pua na kuishusha, kuinua na kushusha, kwa kile kipandishio kilichobaki, huku risasi zikipita juu yake anaposhuka na chini yake anapopanda, mpaka akazama mawinguni. Rowlands aliporudi na kumkabili yule MiG kutoka nyuma, hata bila kumpiga, akamwongezea nafasi ya kupumua.

Manowari ilikuwa imekwisha kumwambia kwa redio asiingie vitani na MiG hizo, naye akajibu kwamba tayari yumo. Alipotoka mawinguni, meli za kikosi chake mwenyewe zilimfyatulia zikidhani ni adui. Mtu anayelitazama hili na kuliita bahati ananikosesha usingizi. Bahati inaweza kukuepusha na risasi moja au mbili. Haikuinulii pua ya ndege kwa wakati unaofaa mara nyingi mfululizo.

#14 Pweza wa Kina

Ndugu mleta uzi, pumzika tu, sina nia ya kukunyima usingizi. Lakini maelezo yako mwenyewe yana jibu lingine. Kama rubani wa MiG alikuwa nyuma ya ndege isiyoweza kukata kona, kwa karibu, kwa muda, na hakuipiga ikaanguka, basi huyo hakujua kulenga. Kuinua na kushusha pua ni mwendo unaotabirika. Mpiga shabaha mzuri angesubiri ashuke.

Namkubali Williams kuwa jasiri. Ila nashikilia kwamba pambano hili linatufundisha zaidi juu ya udhaifu wa upande wa pili kuliko juu ya ustadi wa upande wa kwanza.

#15 Rubani Mwanafunzi

Shikamoo mkuu Pweza, naomba kutofautiana kwa heshima. MiG ile ilikuwa na sekunde sita za moto, kwa hesabu ya Fundi hapo juu kwenye #4, na huenda zilikuwa zimepungua kabla ya hapo. Kusubiri ashuke ni rahisi kusema ukiwa umekaa kitini. Ndege yenye mwendo mkubwa inayomfuata mlemavu inamsogelea haraka na inalazimika kupunguza mwendo au kumpita. Nadhani ndilo tatizo lililowakumba MiG zote siku ile: zilikuwa na mwendo mwingi kuliko walivyohitaji, na saba zikizunguka ndege moja lazima ziwe na hofu ya kugongana au kupigana zenyewe. Williams alikuwa na uhuru wa kumpiga yeyote anayemwona. Wao walipaswa kwanza kujua ni nani.

#16 Msomaji wa Ramani

Kijana umenena. Tena kuna ushahidi mwingine wa mwaka huo huo. Tarehe 9 Agosti 1952, Sea Fury nne za Waingereza kutoka manowari HMS Ocean zilishambuliwa na MiG-15 nane karibu na Chinnampo. Sea Fury ni ndege ya panga boi. MiG moja ilianguka, na Luteni Peter Carmichael ndiye aliyehesabiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 10 Septemba, Kapteni Jesse Folmar wa Wanamaji wa Nchi Kavu wa Marekani, akiwa kwenye Corsair, naye ya panga boi, aliangusha MiG kabla ya yeye mwenyewe kuangushwa na nyingine.

Rubani wa MiG aliyeshuka na kupanda tena moja kwa moja hakukamatika. Aliyeingia kwenye mchezo wa kona na ndege yenye mwendo mdogo aliacha faida yake juu akaja kupigania faida ya mwenzake. Inaelekea wale wa Novemba walifanya vivyo hivyo.

#17 Mzee wa Kilindini

Nauliza swali la mzee. Kwa nini hakujirusha kwa mwavuli? Ndege imekufa nusu, na meli zake ziko chini.

#18 Fundi Mitambo

Mzee wangu, ni baridi. Ile ni Bahari ya Japani ya kaskazini, mwezi Novemba. Mtu aliyelowa humo huhesabu dakika. Kwa hiyo aliamua kutua kwenye manowari na ndege ambayo, kwa jinsi ilivyoharibika, ilikuwa haitawaliki chini ya mwendo wa kilomita 315 kwa saa, wakati mwendo wake wa kawaida wa kutua ulikuwa karibu 195. Hakuweza kuinyoosha vizuri kuelekea sitaha. Ikabidi nahodha aigeuze manowari yenyewe ili imfuate yeye. Akanasa waya ya tatu kati ya zile zinazotandazwa sitahani kuikamata ndege inayotua.

Katika kazi yangu nimeona ndege zikitua na hitilafu ndogo kwenye lami ya kilomita tatu, na watu wakapeana mikono kwa furaha. Yeye alikuwa na sitaha inayopanda na kushuka. Kwa mimi fundi, hicho ndicho kitendo kikubwa cha siku nzima, kuliko MiG zote nne.

#19 Mwalimu Asha

Ikiwa tunapima kubaki hai, basi tumweke mezani pia Saburo Sakai wa Jeshi la Majini la Japani. Agosti 1942 alijeruhiwa kichwani juu ya Guadalcanal, akarudi Rabaul zaidi ya kilomita 1,000 akiwa nusu kipofu, na jicho la kulia halikupona. Tarehe 24 Juni 1944, kwa jicho hilo moja, alizingirwa na ndege 15 za kivita za Marekani aina ya Hellcat karibu na Iwo Jima, akazikwepa zote kwa zaidi ya dakika 20, na kwa maelezo yake mwenyewe Zero yake haikuguswa. Hellcat ilimzidi mwendo na silaha, kama MiG ilivyomzidi Williams. Kona ndiyo iliyomwokoa naye.

#20 Pweza wa Kina

Mwalimu, "kwa maelezo yake mwenyewe" ni maneno manne yanayonipa kazi ya wiki nzima. Na hao vijana wa Hellcat wa 1944, je, hawakuwa wageni wa vita kama wale wa Vladivostok? Kila tunapomkuta shujaa aliyezidiwa, tunakuta pia kundi la wanafunzi likimzunguka.

#21 MtafitiWaAnga

Hapana, ndugu yangu, si kila mara. Nitakupa mmoja wa kuvunja kanuni yako. Tarehe 8 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, Stanley Vejtasa wa manowari USS Yorktown aliwekwa doria ya kuzuia ndege za topido akiwa kwenye SBD Dauntless, ambayo ni ndege ya kudondosha mabomu, nzito na ya mwendo mdogo. Zero zilizomshambulia ziliendeshwa na marubani wa manowari za Kijapani wa mwanzo wa vita, na sidhani kama kuna atakayewaita wale wanafunzi. Alikata kona kuelekea kila aliyemjia, akawakabili uso kwa uso, na akahesabiwa kuangusha tatu. Wakubwa wake wakamhamishia kwenye Wildcat. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo huo, akiwa na USS Enterprise karibu na visiwa vya Santa Cruz, akahesabiwa ndege saba katika ruka moja.

Unaweza kuzipunguza hizo saba ukipenda, kama ulivyozipunguza za O'Hare. Anza na zile tatu za Mei, uniambie ni kosa gani la Wajapani lililomfanya rubani wa ndege ya mabomu awashinde.